Kabla ya Kung'oa Viti vya Boti

Mvuvi aliyekulia kwenye mtumbwi wa mwembe hahitaji kufundishwa la kufanya chombo kikijaa maji. Anakishikilia. Mti huelea hata ukijaa maji hadi ukingoni, na mwenye subira anaweza kuutikisa mtumbwi, akayamwaga maji kidogo kidogo, akapanda tena na kurudi ufuoni. Ujuzi huo umerithishwa kutoka Vanga hadi Tiwi kwa vizazi, na hakuna aliyewahi kuuandika kwa sababu hakukuwa na haja.

Boti ya faiba au ya alumini haina tabia hiyo. Faiba ni nzito kuliko maji, na alumini vilevile. Boti kama hizo huelea kwa sababu ya umbo lake tu, kama bakuli linavyoelea kwenye karai. Zikijaa maji, na kama ndani yake hakuna kitu kilichowekwa makusudi cha kuzishikilia, huzama pamoja na injini, nyavu na nanga, na aliyezoea kushikilia mtumbwi hubaki hana cha kushika. Kwenye boti nyingi ndogo kitu hicho kimefichwa mahali ambapo mnunuzi huanza kupabomoa siku ya kwanza ili apate nafasi ya samaki: chini ya viti.

Wavuvi wa Kaunti ya Kwale, kama wenzao wa pwani nzima, wamekuwa wakihama kutoka mbao kwenda faiba. Sababu zao zinaeleweka. Mbao nzuri imeadimika na bei yake imepanda, mashua ya mbao inataka kalafati kila mara, na anayetaka kuvua nje ya miamba anahitaji chombo kinachobeba injini bila kutetemeka. Boti za alumini bado ni nadra kwenye fuo zetu, ingawa zina sifa moja ambayo faiba haina: ni nyepesi kiasi kwamba watu wanne wanaweza kuiinua ya futi 14 na kuipandisha mchangani maji yakijaa. Makala haya yanaeleza namna ya kupanga viti na vifaa kwenye boti ndogo ya wazi ya aina hizi mbili, kati ya futi 14 na 20, bila kuiondolea uwezo wa kumrudisha mtu nyumbani.

Kiti chenye tumbo

Boti ndogo za alumini zilienea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za kivita vilipotafuta kazi nyingine ya kufanya na bati zao. Kampuni ya Grumman, iliyojulikana kwa ndege, ilianza kuuza mitumbwi ya alumini mwaka 1945. Watu waliipenda kwa wepesi wake. Lakini bati la alumini likizama haliibuki, na baada ya miaka mingi ya ajali sheria ikaingilia kati. Tangu Agosti 1978, sheria ya Marekani inataka boti za kawaida zilizo chini ya futi 20, zenye injini ya nje ya zaidi ya nguvu ya farasi 2, ziendelee kuelea zikiwa zimelala sawasawa hata zikijaa maji na watu wakiwa ndani.

Watengenezaji walilitimiza hilo kwa njia rahisi. Waliyageuza mabao ya kukalia kuwa masanduku, wakayajaza foamu ngumu. Ndiyo maana anayeifungua boti ya alumini iliyotumika huko hukuta tumbo la kiti limejaa kitu cha manjano au cheupe kinachofanana na mkate. Kwa macho ya haraka ni takataka inayokula nafasi. Fundi huambiwa ang'oe, bao jembamba liwekwe badala yake, na mwenye boti hufurahi kwamba sasa dema sita zinaingia pale zilipokuwa zikiingia tatu.

Yapo mawili yanayopotea hapo. La kwanza ni hilo la kuelea. La pili halionekani hadi msimu wa kusi: bao linalokatiza boti upande hadi upande huzuia mbavu zisicheze. Boti ya alumini iliyong'olewa bao la katikati hutanuka na kubana kila inapopanda wimbi, na riveti zake hulegea moja moja. Mwenyewe huanza kushangaa maji yanaingilia wapi. Kama nafasi ya katikati inahitajika kweli, sharti fundi aweke kitu kingine cha kuzishika mbavu, na foamu iliyotolewa ihamishiwe kwenye masanduku ya pembeni. Kuiondoa tu si matengenezo.

Boti nyingi za faiba zinazotengenezwa na mafundi wa humu humu zina hadithi tofauti kidogo. Hizo huja na viti vyenye masanduku matupu na mifuniko, na mwenye boti huambiwa kwamba hewa iliyo ndani itaishikilia boti. Ni kweli, ilimradi mfuniko haujafunguliwa. Lakini sanduku lenye mfuniko halikawii kugeuka stoo ya kamba, mapanga na nguo za mvua. Baada ya mwezi mfuniko haufungi tena vizuri, na siku boti inapojaa, sanduku nalo linajaa.

Hesabu ya mitungi

Kiasi gani cha foamu au hewa kinatosha? Hesabu yake si ngumu, na inafaa kila mwenye boti aifanye kabla ya kumwita fundi.

Alumini ikizama baharini hupoteza zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo boti ya kilo 100 hubaki na takriban kilo 62 za kuivuta chini. Faiba hubakisha karibu theluthi moja, yaani boti ya faiba ya kilo 300 inavuta chini kama kilo 100. Injini ya nguvu ya farasi 15 yenye kilo 40 hubaki na kama kilo 30 ikiwa ndani ya maji. Nanga ya chuma na mnyororo wake, kilo 8 nyingine. Petroli haihesabiwi kwa sababu ni nyepesi kuliko maji.

Tuichukue ile boti ya alumini ya kilo 100. Boti, injini na nanga vinahitaji kubebwa kilo 100 hivi. Hapo bado hakuna mtu. Mtu aliye ndani ya maji hadi shingoni karibu anajielea mwenyewe, lakini aliyeketi kwenye boti iliyojaa maji, kifua kikiwa nje, anaielemea kwa karibu nusu ya uzito wake. Wavuvi watatu wa kilo 70 kila mmoja wanaongeza kilo 105. Jumla inafika kilo 205.

Mtungi wa plastiki wa lita 20, mtupu na uliofungwa vizuri, hubeba karibu kilo 19. Kwa hiyo mitungi 6 inatosha kuizuia boti hiyo na injini yake isizame, watu wakiwa wameishika kwa nje. Mitungi 11 inatosha kuwabeba watu hao watatu wakiwa wameketi ndani na kuendelea kuyateka maji hadi boti inyanyuke. Tofauti ya mitungi mitano ndiyo tofauti ya kukaa majini usiku kucha na kukaa ndani ya chombo. Samaki, barafu na nyavu zilizolowa havimo kwenye hesabu hii, kwa hiyo mwenye busara ataongeza miwili au mitatu.

Foamu ngumu ya kumimina hufanya kazi ile ile, takriban kilo moja kwa kila lita, na ina faida kwamba haitoboki. Kasoro yake ni kwamba ikikaa miaka mingi ndani ya maji ya ngama hunyonya polepole. Boti inayozidi kuwa nzito mwaka hadi mwaka bila sababu, foamu yake imelowa na haina maana tena. Sponji ya godoro isitumiwe kabisa, kwa sababu kazi yake ni kunyonya. Na lile povu jeupe jepesi linalokuja na katoni za televisheni, ambalo wavuvi wengi hulikata wakafanya maboya ya nyavu, linaelea vizuri sana lakini huyeyuka likiguswa na petroli. Chini ya kiti kilicho karibu na tangi, kikombe kimoja cha petroli kilichomwagika kinatosha kuacha shimo.

Mitungi iliyotumika kwa mafuta ya kupikia inafaa, ikioshwa. Ifungwe asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa sababu mtungi uliofungwa na hewa ya moto ya mchana husinyaa usiku na kufyonza maji kupitia nyuzi za mfuniko. Gundi isiyopitisha maji ipakwe kwenye nyuzi hizo. Mitungi mingi midogo ni salama kuliko pipa moja kubwa: pipa likitoboka, hakuna kinachobaki.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wazuri husahau. Boti ikijaa maji, mitungi 11 inasukuma juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Bao lililoshikiliwa kwa misumari litang'oka, mitungi itaondoka na mawimbi, na boti itazama ikiwa imepungukiwa na kiti. Bao lazima lifungwe kwa bolti na washa pana kwenye mbavu au kwenye ukingo, na mitungi ifungwe kwa kamba au wavu mgumu chini yake.

Mahali pa kuelea, mahali pa kukaa

Foamu ikiwekwa sakafuni, boti iliyojaa maji itajigeuza tumbo juu, kwa sababu chepesi hutafuta juu. Mahali pake ni pembeni na juu, chini ya ukingo na chini ya viti, na igawanywe omo na tezi. Tezi ipewe zaidi kwa sababu injini iko huko. Boti inayoelea omo tu ikiwa nje ya maji na tezi imezama imewahi kuwaacha watu wakining'inia kwenye ncha kama popo, nao hawawezi kuitoa maji hata wakijaribu.

Viti navyo vina mizani yake. Injini ya kilo 40, nahodha wa kilo 70 na petroli ya lita 25, ambayo ni karibu kilo 18, vikikaa vyote kwenye mita ya mwisho ya boti, kilo 128 ziko tezini kabla samaki hata mmoja hajavuliwa. Omo inanyanyuka, nahodha haoni mbele, na wimbi linalotoka nyuma linapanda kwenye bao la injini. Ajali nyingi za boti ndogo huanzia pale, hasa kwenye mlango wa mwamba ambapo wimbi humfuata mtu anayerudi. Tiba yake haina gharama kubwa: mpira mrefu wa mafuta ili tangi likae karibu na bao la katikati, betri ikiwepo ipelekwe omo, na sanduku la barafu liwe katikati kabisa ya boti. Sanduku hilo likifungwa imara linaweza kuwa ndilo bao la katikati, na mvuvi akapata kiti na friji kwa bei ya kimoja.

Urefu wa kiti kutoka sakafuni usizidi sentimita 40 kwa boti ya ukubwa huu. Vile viti vya kuzunguka vyenye mguu mmoja wa chuma vinavyoonekana kwenye picha za boti za ng'ambo vilibuniwa kwa ajili ya maziwa yaliyotulia, mtu mmoja akirusha ndoana. Nje ya Wasini, ambako mkondo wa Pemba una nguvu na kina kikubwa, kumwinua mtu nusu mita juu ya boti yenye upana wa futi 5 ni kumtafutia kuanguka, na akianguka upande mmoja boti inamfuata.

Idadi ya viti isiwe kubwa kuliko watu ambao boti inaweza kubeba. Kipimo kimoja kinachotumika sana kwa boti ndogo ni kuzidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha kugawanya kwa 15. Boti ya futi 14 kwa 5 inatoa 4 na ushei, yaani watu wanne, bahari ikiwa tulivu na bila shehena. Anayerudi na samaki wa kilo 140 amebeba watu wawili wengine bila kuwaita abiria. Boti zilizotoka viwandani Marekani huwa na kibao kidogo kinachotaja idadi ya watu, uzito na ukubwa wa injini. Kibao hicho kisipakwe rangi juu yake.

Kuhusu starehe, kuna dhana kwamba mto wa kukalia na egemeo la mgongo ni mambo ya watalii. Mtu anayekaa saa nane akivuta mshipi, usiku, kwenye ubao wenye kona kali, huchoka mapema, na mchovu ndiye anayesimama ghafla kunyoosha mgongo wakati mwenzake naye amesimama. Kona za bao zipigwe randa ziwe za mviringo, mto uwe wa foamu isiyonyonya maji, nao ufungwe kwa kamba.

Alumini, shaba na chumvi

Faiba ina uvumilivu mkubwa, alumini haina. Ikigusana na madini fulani ndani ya maji ya chumvi huliwa, kama sahani ya betri inavyoliwa, na shimo huanza chini ya skrubu ambako hakuna anayeangalia.

Adui mkubwa ni shaba. Rangi za kuzuia chaza na mwani zenye shaba, ambazo zinafaa kwa mbao na faiba, hazipakwi kwenye alumini. Kipande cha waya wa shaba kilichoanguka ngamani na kusahaulika chini ya sakafu kinaweza kutoboa bati. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi zinazouzwa kwa nguzo na paa, mara nyingi dawa yake ina shaba, kwa hiyo hazifai kuwa viti vya boti ya alumini hata kama zinadumu miaka ishirini kwenye nyumba. Mbao isiyotiwa dawa iliyopakwa vanishi kila upande, au plaiwudi ya baharini iliyozibwa kingo zake kwa resini, ndiyo inayofaa.

Bolti za stenlesi hukubalika, ila ziwekewe washa za plastiki au zipakwe gundi ya baharini ili zisiguse bati moja kwa moja. Misumari na bolti za chuma cha kawaida zisiingie kabisa. Vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye bodi na kwenye injini vipo ili viliwe badala ya boti, navyo vikifika nusu vibadilishwe. Kuvipaka rangi ili vipendeze ni kuvifunga mdomo.

Mwenye boti afikirie pia kabla ya kutoboa. Kila tundu lililo chini ya mstari wa maji ni mlango. Viti vifungwe kwenye mbavu zilizopo au kwenye vipande vilivyochomelewa, na kuchomelea alumini si kazi ya mashine ya kawaida ya geti na madirisha. Kunahitaji mashine inayotumia gesi ya agoni na fundi aliyejifunza. Ni bora kuulizia fundi wa aina hiyo Mombasa kabla ya kuinunua boti.

Vifaa, na mahali pa kuvitia

Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe. Boti nyingi huwa nazo, zimefungwa vizuri kwenye mfuko wake, chini ya kiti cha mbele, chini ya nyavu. Boti ndogo hupinduka kwa sekunde chache na hakuna anayepata muda wa kufungua mfuniko. Anayelalamika kwamba jaketi inambana wakati wa kuvuta nyavu atafute ile yenye mikono mipana, zipo.

Kamba ya kuzimia injini, ile ya rangi nyekundu inayokuja na injini, ifungwe mkononi au kwenye jaketi la nahodha. Wengi huikata au huiacha imening'inia. Nahodha akiangushwa majini injini ikiendelea kuwaka, usukani hujigeuza na boti huanza kuzunguka kwenye duara, ikimrudia yule yule aliyeanguka na panga la injini likiwa linazunguka.

Makasia mawili yabaki hata kwenye boti yenye injini mpya. Ndoo au kata ya kufulia maji ifungwe kwa kamba, kwa sababu boti ikijaa kitu cha kwanza kuelea na kuondoka ni ndoo. Kamba ya nanga iwe na urefu wa angalau mara tano ya kina: pa mita 10, kamba ya mita 50. Nanga inayoning'inia wima haishiki, na boti ambayo injini imezimika karibu na mwamba haina kingine cha kuizuia. Mita chache za mnyororo kati ya nanga na kamba huifanya ilale na kushika.

Tangi la petroli lisifungiwe ndani ya sanduku la kiti lisilo na tundu la hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani na kukaa, na betri au sigara moja inatosha.

Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, imejaa chaji, lakini isitegemewe peke yake nje ya miamba. Redio ya VHF ya mkononi, chaneli 16, husikilizwa na vyombo vilivyo karibu na na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Tochi mbili, filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, na kioo kidogo cha kumulikia jua ni vitu vya bei ya kawaida. Taa nyeupe inayoonekana pande zote usiku ni lazima. Meli kubwa inayoingia bandari ya Mombasa haiwezi kukwepa kitu ambacho haikioni.

Wa kuona kabla ya kuanza

Uvuvi ni jukumu lililogatuliwa kwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na afisa wa uvuvi wa wadi ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa. Chombo chochote cha uvuvi kinapaswa kusajiliwa na kupewa leseni kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na BMU ya bandari ya mvuvi huwa na rejesta ya vyombo vyake. Usalama wa chombo chenyewe hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari Kenya, KMA. Boti iliyokaguliwa ikiwa na viti vinne vyenye foamu na baadaye ikabadilishwa si boti ile ile tena, hata kama namba yake ni ile ile, kwa hiyo mabadiliko ya viti yaripotiwe kabla ya ukaguzi unaofuata. Ni afadhali kuuliza kwa mchoro wa penseli kuliko baada ya fundi kulipwa.

Kabla ya boti kuvuka mwamba kwa mara ya kwanza ikiwa na viti vipya, ifanyiwe jaribio ufuoni. Ichaguliwe siku ya maji mafu, asubuhi upepo haujaanza, mahali penye maji ya kufika kiunoni na mchanga chini. Injini ibaki nchi kavu. Mahali pake ufungwe mfuko wa mchanga wa kilo 45, ambao ndani ya maji una uzito unaokaribia ule wa injini iliyozama. Nanga na vifaa vingine viwe ndani. Kisha boti ijazwe maji kwa ndoo hadi ukingoni, na watu watatu waliovaa jaketi waingie mmoja mmoja wakae kwenye viti vyao, wengine wawili wakiwa wamesimama kando kushika.

Boti iliyo sawa itabaki imelala, ukingo wake ukiwa juu kidogo ya maji au sawa nayo, na ukiegemea upande mmoja haitajigeuza. Tezi ikididimia, mitungi miwili iongezwe chini ya bao la nyuma. Ikilala upande, mitungi ya upande huo haitoshi au mmoja unavuja. Itolewe maji, irekebishwe, na ijazwe tena.